Oili ya Shell Helix HX7 10W-40 kwenye injini ya Toyota 1NZ: usiihukumu kwa rangi

Ikiwa mpya, oili hii ni ya njano inayong'aa. Ukichomoa kijiti cha kupimia oili baada ya wiki chache unaikuta kahawia nzito, na wengi hapo husema wameuziwa feki. Hapana. Ni oili ya nusu sintetiki yenye kemikali za kusafisha; inabandua masizi na utando ulioganda ndani ya injini, kisha inaubeba hadi siku ya kumwagwa. Kwenye Toyota IST au Probox yenye injini hii, iliyokaa na oili chafu muda mrefu, itageuka nyeusi haraka zaidi. Rangi ya kuogopa ni ya chai ya maziwa: hapo maji yameingia kwenye oili, mara nyingi ya rejeta kwa sababu gasket ya silinda hedi imekufa. Usiwashe gari. Ikinuka petroli, au ukiona chembe za chuma zinametameta kwenye kitambaa, mpe fundi aikague.

1NZ-FE inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwa hiyo galoni ya lita 4 inatosha na inabaki ya kuongezea. Pasha injini kidogo, fungua nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), acha ichuruzike dakika 15, rudisha nati ikiwa na washa mpya (ringi ya kuziba). Paka oili kwenye mpira wa filta, uikaze kwa mkono robo tatu ya mzunguko baada ya mpira kugusa. Mimina oili mpya, washa injini hadi taa ya oili izime, angalia uvujaji, zima, subiri dakika 5 ndipo upime. Usipitishe alama ya juu: oili ikizidi hupigwa na krenki ikatoa povu, na povu halilainishi. Ikipungua ni hatari zaidi, kwa sababu VVT-i (mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka) na kikaza cheni cha injini hii vinasukumwa na presha ya oili hiyohiyo. Cheni ikigonga asubuhi, pima oili kwanza kabla ya kununua cheni.

Mimi naipendekeza kwa injini iliyochoka inayokula oili kidogo kidogo. Uzito wa 40 (namba ya mwisho ya 10W-40, unene wa oili ikiwa moto) unaziba vizuri pale ringi za pistoni zilipolegea, ingawa petroli itatumika zaidi kidogo. Kwa foleni na vumbi, mwaga kila kilomita 5,000. Injini ambayo bado nzima, ibakize kwenye 5W-30 ya kitabu cha gari, na haibridi inayodai 0W-20 usiipe hii kabisa.