Museo Nacional de Arte, Mexico City: nendeni mkaione picha ya Velasco kwa macho yenu

Nyota 5 jamani, tena zote nampa mzee mmoja na picha yake moja, hayo mengine ya makumbusho ntayasema juu juu tu.

Picha yenyewe ni ya José María Velasco, ameichora 1877, Bonde la Mexico ukiwa umesimama kilima cha Santa Isabel. Nlikuwa nayo sebuleni kwangu, printi nliyoagiza mtandaoni kwenye duka moja, ikaja anga bluu kali kama mlango wa duka uliopakwa jana na theluji nyeupe pee, nikaitundika hivyo hivyo na nikaipenda. Sasa mwaka huu nikapata safari ya kikazi Mexico, nikasema hapa siondoki bila kuiona yenyewe.

Jumba liko mtaa wa Tacuba, katikati ya mji wa zamani, mbele kuna sanamu kubwa ya farasi wenyewe wanaiita El Caballito, huwezi kupotea. Ni jengo la wizara ya mawasiliano la zamani, lilichorwa na Muitaliano Silvio Contri mwanzoni mwa karne ya 20, likawa makumbusho 1982. Ngazi zake nzuri mno, ila pandeni taratibu, mji uko zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari na pumzi inakata haraka, mimi nlishika chuma cha ngazi nikatulia kwanza ndo nikaendelea.

Halafu ukaingia kwenye vyumba vya Velasco, na ikakukabili. Ina upana wa zaidi ya mita mbili, na kitu cha kwanza unachokiona ni hewa. Yaani sijui niseme vipi nieleweke, mtu kachora hewa, ule ubaridi wa asubuhi mahali pa juu ambapo kitu cha mbali sana unakiona safi kama kiko jirani, na anga lenyewe halina ile bluu ya printi yangu hata kidogo, limefifia, kuna kijivu na uwaridi kwa mbali karibu na milima, na theluji ina kivuli cha zambarau. Nikakaa pale nikaelewa kwamba miaka yote nlikuwa naangalia kitu kingine kabisa.

Sogea sasa (mlinzi atakuambia ukomee wapi). Mbele chini kuna mawe, na hayo mawe kila moja lina sura yake, nyufa, kuvu, vumbi, majani yametoka kwenye ufa unaona kabisa huu mmea ni aina fulani na ule ni mwingine, maana huyu bwana alisoma mimea na wanyama kwa dhati, hadi salamanda mmoja wa Mexico (kamnyama kama mjusi) amepewa jina lake. Pale pale mbele kuna mpungate na tai anaruka kabeba windo lake. Mexicano yeyote akiona tai na mpungate anajua, ndo hadithi ya kuanzishwa mji wao na ndo iko kwenye bendera, lakini Velasco kamchora mdogo, ndege tu anayetafuta riziki, ukipita haraka humuoni. Hapo ndo nlipompenda zaidi.

Toka kwa tai macho yanashuka kwenye vijumba vya Guadalupe, yanashika barabara iliyonyooka mpaka mjini, na mji mzima ni vitone vyeupe, alafu ziwa Texcoco linang'aa, alafu kule mwisho kabisa milima miwili ya theluji, Iztaccíhuatl na Popocatépetl. Wenyewe wanasema Iztaccíhuatl ni mwanamke amelala na Popocatépetl ni shujaa anamlinda, na ukiangalia kweli unaona mtu kalala. Mimi nimekulia Moshi, nimelelewa na hadithi za Kibo na Mawenzi kugombania moto, kwa hiyo pale nlisimama muda mrefu kidogo.

Iko nyingine ya 1875, mahali pale pale karibu, ila hiyo ina mama na watoto wake wanatembea kwenye mawe. Watu wengi wataipenda hiyo kwa sababu ina watu. Mimi bado nachagua ya 1877, amewatoa watu wote akaacha nafasi ya wewe kusimama.

Aliyemfundisha Velasco ni Muitaliano, Eugenio Landesio, pale Academia de San Carlos, chuo cha sanaa cha kule, na Velasco baadaye akamfundisha Diego Rivera, yule mchoraji maarufu wa picha za ukutani, kwa hiyo mkienda kuona kuta za Rivera mjini na mkaacha huyu mmeruka mwalimu.

Ushauri wangu: Jumatatu wamefunga. Nendeni asubuhi, anzeni na Velasco macho yakiwa hayajachoka, simameni mbali kwanza, alafu karibu, alafu mbali tena, mpeni hata nusu saa. Na printi msinunue kabla ya kuiona yenyewe, mtaizoea rangi ya uongo kama mimi.

Siku ya kuondoka nliomba siti ya dirishani. Uwanja wa ndege wa kule umejengwa kwenye ardhi iliyokuwa ziwa, maji waliyatoa kidogo kidogo kwa mifereji miaka na miaka, na ndege ilipoinuka nikatafuta kile kioo cha maji nlichokiona kwenye turubai, nikaona nyumba, nyumba, nyumba, alafu udongo mkavu mweupe, vidimbwi viwili vitatu. Milima ilikuwa kwenye ukungu wa moshi. Baadaye kidogo ikatokea juu yake, yote miwili, na theluji ilikuwa na kivuli cha zambarau vile vile alivyoichora.