Uzoefu wangu: Kauboi nne za Gian Maria Volonté

Kwenye sinema za kauboi za Waitaliano watu wengi humfuata steling. Mimi diski hizi nilizinunua kwa ajili ya adui. Gian Maria Volonté, mzaliwa wa Milan mwaka 1933, aliigiza kauboi nne tu, kati ya 1964 na 1967. Nilizitazama kwa kufuata miaka, nawe fanya hivyo, maana ndivyo utakavyomwona akipanda.

Ya kwanza, Per un pugno di dollari, hata jina lake halimo. Wameandika John Wells, ili adhaniwe Mmarekani. Ni Ramón, mwenye bunduki ya Winchester na mazoea ya kulenga moyo. Alisomea uigizaji wa jukwaani Roma, na inaonekana: macho yamemtoka, mwili mzima unasema. Wapo wanaodai anazidisha. Sikubaliani nao. Clint Eastwood, ambaye ndiye steling, amekaa kimya kiasi kwamba bila moto wa upande wa pili sinema ingepoa.

Per qualche dollaro in più (1965) ndiyo iliyoniteka. Anaitwa El Indio, mvuta bangi mwenye saa ya mfukoni inayopiga muziki. Huifungua kabla ya kuua. Wimbo ukiisha, bastola zinatoka. Mtazame usoni wimbo unapokaribia mwisho. Kuna uovu alioufanya zamani ambao haumwachi, na saa ileile anayowatishia nayo wenzake humrudisha kulekule kila ikifunguliwa. Adui wa kauboi mwenye mateso ya namna hii sijamwona kwingine.

Hakikisha unapata nakala ya picha pana. Sergio Leone, mwongozaji wa hizo mbili, alipiga kwa mfumo wa Techniscope na alipenda kuwaweka watu kwenye ncha mbili za picha. Nakala iliyokatwa kutoshea runinga za zamani humpoteza mmoja wao. Midomo kutofuatana na maneno si kasoro ya mashine yako, kwani sauti ziliingizwa studio baadaye. Kwa Kiingereza Volonté anasemewa na mtu mwingine. Mimi nilichagua Kitaliano chenye maandishi chini, ingawa kwenye diski moja maandishi yalichelewa hadi yakakera.

Faccia a faccia (1967) ina wazo zuri: profesa wa historia, mgonjwa wa mapafu, anaingia kwenye genge la jambazi (anaigizwa na Tomas Milian) na kuwa katili kuliko jambazi mwenyewe. Mabadiliko yake yanakwenda haraka mno kwangu, lakini Volonté anakufanya uamini.

Baadaye akazama kwenye sinema za kisiasa, na mwaka 1972 mbili alizoigiza ziligawana tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes. Mizizi ya siasa hiyo utaiona kwenye Quién sabe? (1966), iliyoongozwa na Damiano Damiani. Humo ni El Chuncho, mwizi wa silaha wakati wa mapinduzi ya Meksiko, mcheshi, mkatili, anayeanza taratibu kujiuliza anapigania nini. Kama pesa yako inatosha diski moja, chukua hiyo, ila uliza kwanza kama ni nakala kamili isiyokatwa.