TP-Link EAP225: Usiitupe Ruta Yako

Karibuni tena, ndugu zangu. Leo mezani nina EAP225 ya TP-Link, na naanza na swali mnaloniuliza mara kwa mara: "Nikinunua hii, ruta naitupa?" Usiitupe! Hii ni aksesi pointi. Ruta ndiyo inayopokea intaneti na kugawia kila kifaa anwani ya ndani, zile namba ambazo mara nyingi huanza na 192.168. Hii inachukua mtandao uliokwisha fika kwenye waya na kuurusha hewani kama waifai. Ukiiwasha bila ruta nyuma yake, simu italiona jina, utaweka nywila, halafu itabaki inazungukazunguka ikitafuta anwani.

Nimeifunga kwa dada yangu, Tabata. Nyumba ndefu, tofali za saruji, ruta ipo kona ya sebule pale waya wa fundi ulipoishia. Watoto wakitaka kupakua kazi za shule ilibidi watoke chumbani waje kukaa koridoni. Dada akapandisha kifurushi, akalipa zaidi, hali ikabaki ileile. Hili linaniuma sana, kwa sababu intaneti ilikuwa inaingia ya kutosha. Kilichoimaliza ni kuta tatu kati ya ruta na kitanda.

Sogea uone hapa. Kwenye boksi kuna chombo chenyewe, cheupe, cha kupachika darini, na hiki kiboksi cha umeme chenye matundu mawili: LAN na PoE. Waya wa kutoka kwenye ruta unaingia LAN. Ule wa PoE ndio unaopanda darini, umebeba data na umeme kwa pamoja, kwa hiyo huhitaji soketi kule juu. Angalia maandishi kabla hujachomeka. Ukikosea tundu, taa haiwaki kabisa, na utarudi dukani kugombana bure.

Kasi: waifai hii inarusha kwa masafa mawili, na boksi linasema megabiti 450 kwa sekunde kwenye 2.4 gigahezi na 867 kwenye 5 gigahezi. Simu yako haitafika huko, usihesabu hizo. La muhimu ni kwamba 2.4 inapenya ukuta vizuri lakini majirani wote wamejazana humo, na 5 ina kasi ila ukuta unaichosha haraka. Ndiyo maana nimeipachika katikati ya koridoni, karibu na milango ya vyumba. Jina na nywila nimeweka zilezile za ruta. Kwenye 2.4, ruta iko chaneli 1, yaani njia yake ndani ya masafa hayo, hii nikaipa 11, zisigombane.

Hii ni Waifai 5, yaani kizazi cha tano cha waifai, si ile 5 ya gigahezi. Kama unajenga sasa hivi na unapitisha waya mpya, ongeza pesa uchukue EAP610, ambayo ni Waifai 6, kizazi kinachofuata. Na kama nyumba yako ni vyumba viwili tu, usinunue yoyote kwanza. Itoe ruta nyuma ya runinga, iweke katikati ya nyumba, juu ya kabati, halafu jaribu wiki moja.