Robocopy au Storage Migration Service: ipi ya kuhamishia mafaili?

Kama unahama seva moja ya Windows kwenda nyingine, Robocopy (programu ya kunakili faili kwa komandi) ipo tayari humo ndani, unaandika komandi yako na /MIR (unakopeleka pafanane na unakotoka) na /COPYALL basi faili zinaenda na ruhusa zake, mmiliki na tarehe, unairusha watu wakiendelea na kazi afu siku yenyewe ya kuhama unairudia inabeba zilizobadilika tu. Ila hiyo /MIR ina makali, faili isiyokuwepo unakotoka inafutwa unakopeleka, kwa hiyo ukigeuza njia umekwisha, tanguliza /L uone itafanya nini kabla haijagusa kitu. Na weka /R:1 /W:1 (ijaribu tena mara moja, isubiri sekunde moja), maana bila hizo ikikuta faili imefungwa inajaribu tena hadi mara 1,000,000 na kila mara inasubiri sekunde 30 (aliyepanga hivyo ana subira ya ajabu). Halafu haibebi shea zenyewe (ule mpangilio wa folda kufunguliwa na wengine kwenye mtandao), folda inafika lakini kuishea ni kazi yako upya.

Storage Migration Service ilikuja na Windows Server 2019, inakagua seva ya zamani, inahamisha faili pamoja na shea, mwisho seva mpya inachukua jina na IP ya ile ya zamani, yaani watumiaji wanafungua folda zao kama jana. Shida ni maandalizi, inataka Windows Admin Center (programu ya kusimamia seva kupitia kivinjari) na fayawoli ifunguliwe huku na huku.

Mimi folda mbili tatu ni Robocopy tu, seva nzima yenye shea kibao sihangaiki na Robocopy, naiachia Storage Migration Service.