Mbegu za pakiti au ulezi wa Mbuyuni? Chakula na mimea ya banda la finchi

Habari zenu watazamaji, karibuni tena hapa Moshi. Wengi mmeniuliza kuhusu hizi pakiti za mbegu mchanganyiko kutoka nje: je, zinawafaa finchi, ndege hawa wadogo wanaokula mbegu, hasa hawa wa milia wenye asili ya Australia? Leo ninayo hapa mezani, na pembeni nimeweka ulezi wa sokoni Mbuyuni. Kampuni siitaji, kwa sababu tatizo mtakaloliona linaweza kuipata pakiti yoyote iliyokaa sana dukani.

Kwa macho, pakiti haina kasoro. Imefungwa vizuri, haina vumbi, ina punje ndogo nyeupe na nyekundu za jamii ya uwele pamoja na mbegu za kanari, zile ndefu zenye ncha. Ukubwa unaendana na mdomo wa finchi.

Sasa sogeeni muone hivi vitambaa viwili. Huku kulia ni ulezi: karibu kila punje imepasuka na kamzizi keupe kametoka. Kushoto ni za pakiti: zilizoota ni za kutafuta, nyingi zimevimba tu, na ukinusa kuna uvundo. Mbegu iliyokufa inashibisha, lakini ubora wake umeshapungua. Jaribio hili fanyeni kwa mbegu yoyote mnayonunua. Loweka usiku kucha, suuza, tandaza kwenye kitambaa chenye unyevu, endelea kusuuza asubuhi na jioni. Siku ya tatu una jibu.

Ulezi naupenda kwa sababu nyingine pia. Gramu 100 zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, kiasi ambacho mahindi, mchele na ngano havikaribii. Jike anayetaga akikosa kalsiamu, yai linaweza kumkwama, na kwa ndege wa gramu 12 hivi hiyo ni hatari ya haraka. Hata hivyo ulezi peke yake hautoshi. Muwekee maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kupondwa, au ule mfupa mweupe wa ngisi kutoka pwani.

Ukifika sokoni, sema wazi unataka ulezi ambao haujaoteshwa. Huku kwetu ulezi mwingi unakwenda kwenye mbege, pombe yetu ya asili, kwa hiyo kimea nacho kinauzwa, na hicho kimeshaoteshwa na kukaushwa. Mbegu za kupanda za duka la pembejeo, zile zenye rangi, msiwape kabisa: zimepakwa dawa. Na nafaka yenye ukungu tupa yote, usichambue. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, sembuse kandege haka. Wakati wa masika nunueni kidogo kidogo, mhifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko.

Halafu kuna jambo linaloniumiza. Finchi anamenya kila punje na kuacha ganda palepale kwenye kisahani. Unapita, unaona kisahani kimejaa, kumbe ni makapi matupu na ndege wana njaa. Kila asubuhi puliza makapi ndipo uongeze. Kijiko cha chai kwa ndege mmoja kwa siku kinatosha.

Tuingie bandani. Kule Australia finchi hawa huzaliana zaidi baada ya mvua, majani yanapotoa mbegu changa, na ndiyo maana kwangu chakula bora kuliko vyote ni suke bichi. Ulezi naupanda kwenye ndoo, nje ya banda, maana ukiwa mchanga wataudonoa wote. Ukishatoa masuke, na punje ukiibinya inatoa maji meupe kama maziwa, naingiza ndoo nzima. Mtazameni yule dume: amening'inia kichwa chini kwenye suke, anachomoa punje moja moja. Ndoo hizi pandeni kwa zamu, kwa sababu ulezi unachukua kama miezi mitatu hadi minne kukomaa.

Mimea ya kudumu: mchaichai na mianzi midogo, wanapata pa kujificha. Vijiti vya kutulia kateni kwenye mpera, vinene na vyembamba vichanganyike, miguu isichoke.

Parachichi hapana! Nalisema kwa nguvu kwa sababu hapa Kilimanjaro mparachichi uko karibu kila ua, na mtu anaona tawi zuri analiingiza. Majani yake na tunda lake vina sumu iitwayo persini, inayoshambulia moyo wa ndege. Tawi lisiingie, na hata majani yanayodondokea juu ya wavu yaondoeni.

Mlio Arusha, Juni na Julai baridi yenu inazidi ya kwetu. Zibeni upande wa upepo kwa turubai, na vifaranga wakiwepo ongezeni yai la kuchemsha lililopondwa. Ila likikaa saa chache litoeni, linachacha.

Kwa hiyo pakiti hii, kwa bei yake, siipendekezi. Mkiipenda kwa ajili ya zile mbegu za kanari, mwombeni muuzaji awaoneshe tarehe ya kufungashwa kabla hamjatoa hela, na mkifika nyumbani otesheni kwanza kijiko kimoja.