Uzoefu wangu wa kutafuta tanzia za zamani kwenye Chronicling America

Kama unafuatilia ukoo wa Marekani, anzia Chronicling America. Ni hazina ya magazeti ya zamani inayotunzwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Ni bure na hujisajili popote. Mimi niliingia kwa ajili ya wakwe zangu, Wamarekani weusi ambao wazee wao walikuwa watumwa kaskazini mwa Virginia.

Unachagua jimbo na miaka, unaandika jina la ukoo pamoja na “died”. Ila usilitegemee sana jina. Kurasa zimesomwa na kompyuta, na chapa ya zamani huisumbua: hadi karibu mwaka 1800 wachapaji walitumia s ndefu inayofanana na f, hivyo Wilson huweza kusomeka Wilfon. Jaribu yote mawili. Jina likigoma, fungua gazeti lenyewe utafute safu ya vifo, ambayo mara nyingi iko jirani na ya ndoa. Tanzia nyingi ni mistari michache tu. Mke wa mtu huenda asitajwe kwa jina lake kabisa, basi tafuta la mumewe. Na ukikuta “28th ult.”, huo ni mwezi uliotangulia, “inst.” ni mwezi uleule wa gazeti.

Sasa, watumwa. Hao ni nadra mno kuandikiwa tanzia, kwa hiyo tafuta tanzia ya aliyewamiliki. Akifa, msimamizi wa mirathi hutangaza mnada, na humo binadamu wametajwa sambamba na farasi, ng'ombe na vitanda. Inauma kusoma, na mke wangu kuna siku aliomba tufunge kompyuta. Lakini njia ndiyo hiyo. Katika Alexandria Gazette, gazeti la mji wa Alexandria huko Virginia, tuliifuata tanzia ya mwenye shamba mpaka tangazo la mnada, na jina lake likatupeleka kwenye vitabu vya wosia vya mahakama ya kaunti. Orodha ya mali ya marehemu iliyomo humo ndiyo inayoweza kukupa majina ya watumwa, kila mmoja na bei aliyopangiwa. Bila tarehe ya kifo, hungejua ufungue kitabu kipi.

Kwa weusi waliokuwa huru, tazama pia Freedom's Journal la New York, 1827 hadi 1829, gazeti la kwanza la Marekani kumilikiwa na weusi. Lenyewe lilichapisha ndoa na vifo vya watu wake.