African Storybook kwa watoto wadogo: uzoefu wangu hapa Bukavu

Vitabu vya picha vya watoto ni adimu hapa Bukavu, na vingi unavyovipata ni vya Kifaransa, vimejaa theluji na treni. Ndiyo maana nataka wazazi wenzangu waijue African Storybook. Ni maktaba ya hadithi za picha ya shirika la Saide la Afrika Kusini, na ina vitabu katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Hulipi kitu, leseni yake inaruhusu kusoma, kunakili na kuchapisha. Kuna tovuti, na kuna programu ya simu, African Storybook Reader. Ukishapakua kitabu, kinasomeka hata bila intaneti. Kwetu sisi ambao mega zinaisha haraka, hilo ni jambo kubwa.

Vitabu vimepangwa kwa ngazi tano. Ya kwanza ina neno moja au sentensi fupi kila ukurasa. Ya tano ni hadithi ndefu za kusomewa na mtu mzima. Kwa mwanangu wa miaka mitatu nachagua ya kwanza, maana maandishi yakiwa machache, kazi ya kusema inabaki kwake. Naweka kidole kwenye picha, nauliza, "Huyu iko anafanya nini?" kisha nanyamaza. Mtoto anahitaji muda wa kutafuta maneno, na mkubwa akimwahi, mazungumzo yamekufa.

Juzi tulifika ukurasa wenye mtoto anayelia.

"Iko analia," akasema.

"Analia juu ya nini?"

Akaitazama picha kwa muda, akagusa mlango uliochorwa nyuma. "Juu mama yake ameenda Kadutu."

Soko la Kadutu halimo katika kitabu kile. Limo kichwani mwake, kwa sababu ndiko ninakoenda kila nikimwacha nyumbani. Nikamrudishia maneno yake nikiyarefusha: "Ndiyo, mama ameenda Kadutu kununua sombe, atarudi jioni." Akayarudia yote, hadi sombe.

Njia hii ina wenyewe. Mwanasaikolojia Grover Whitehurst wa Marekani na wenzake walichapisha utafiti wao mwaka 1988. Wazazi wenye watoto wa miezi 21 hadi 35 walifundishwa kuuliza maswali ya wazi, kurefusha jibu la mtoto na kumsifu. Baada ya mwezi mmoja tu, watoto wao walikuwa mbele katika kujieleza kuliko wale waliosomewa kama kawaida.

Kasoro zipo. Kwa kuwa watu wengi wanaweza kuandika na kutafsiri humo, ubora haulingani, na tafsiri nyingine za Kiswahili zinakwama mdomoni. Kipitie kitabu mwenyewe kabla ya kumfungulia mtoto. Tena kioo cha simu ni kidogo kwa watoto wawili, na wakishaishika simu wanataka video. Kwa hiyo napeleka PDF kwa kijana wa fotokopi pale Nyawera, ananichapishia kwa wino mweusi, nami nashona mgongo kwa sindano na uzi. Rangi zinapotea, lakini binti yangu wa miaka sita anazipaka upya kwa kalamu zake, na anapopaka anamhadithia mdogo wake kinachotokea. Nakala hizo ndizo wanazozigombania.

Ninachokitamani ni kitabu cha Ziwa Kivu, na bado sijakutana nacho: wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, usiku, mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa zinazowavuta samaki. Programu nyingine ya mradi huohuo, African Storybook Maker, inamruhusu mtu yeyote kutengeneza chake, nasi tumeanza. Dada mtu anachora, mimi naandika neno moja kila ukurasa: mtumbwi, taa, wavu, sambaza. Kikikamilika nitakiweka humo, kila mzazi anayekitaka akichukue.